Kadi Mpya Katika Kompyuta Kuukuu

Mali ya mtu mwenye kipato kidogo aghalabu haiji ikiwa mpya, wala haiji yote kwa mara moja. Huja vipande vipande, na kipande kimoja huweza kumtangulia mwenzake kwa miezi au kwa miaka. Nyumba huanza kwa chumba kimoja; zizi huanza kwa mtamba mmoja. Ndugu msomaji, ukitaka kuijua historia ya kompyuta kama ilivyoishi mikononi mwa watu wengi, itazame kwa jicho hilo. Utaona kuwa sehemu kubwa ya historia hiyo ni habari ya kitu kikuukuu kilichotiwa kiungo kipya.

Kiungo nitakachokieleza hapa ni kadi ya michoro, yaani kile kibao, aghalabu chenye feni, kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kuchora picha zionekanazo katika kioo chake. Vijana hukipenda kwa ajili ya michezo, maana picha za michezo hutaka kuchorwa upya mara nyingi katika kila sekunde, na kompyuta iliyozeeka huchoka ikawa picha zakwama. Hapo mwenye kompyuta huwa na njia mbili: kununua kompyuta nyingine, ambayo fedha zake hana, au kubadili kadi peke yake.

Tuanze safari yetu Bisil, katika Kajiado. Kadi hazitengenezwi huko, lakini watu wa nchi hiyo waliijua kanuni ya jambo hili kabla kompyuta haijafika. Bisil ni mji wa barabara kuu itokayo Nairobi, ipitayo Kitengela na Kajiado, na kuteremka hadi Namanga mpakani mwa Tanzania. Ni mji wa mnada wa mifugo, na anayesimama mnadani humo huona historia ikitembea kwa miguu minne. Tangu mwaka 1939 ng'ombe wa aina ya Sahiwal waliletwa Kenya kutoka Bara Hindi, na baadaye kundi la mbegu likatunzwa Naivasha. Mfugaji wa Kimaasai hakulazimika kuuza kundi lake lote la zebu wadogo ili apate maziwa na nyama zaidi. Alitafuta fahali mmoja wa Sahiwal, akamtia katika kundi lake la zamani, na baada ya vizazi vichache kundi likageuka.

Lakini fahali huyo alikuja na masharti yake. Ng'ombe mwenye mwili mkubwa hula zaidi na kunywa zaidi, na ukame unapokuja, zebu mdogo huweza kuvumilia mahali ambapo mkubwa huanguka. Kwa hiyo mfugaji mwenye busara hupima malisho na maji kwanza, ndipo apime fahali. Ishike hesabu hiyo moyoni, msomaji, kwa maana tutaikuta tena ndani ya kompyuta.

Mwezi wa Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ya mtu binafsi. Ubao wake mkuu ulikuwa na nafasi tano za kuchomekea kadi, na kampuni ilichapa kitabu kilichoonyesha mpangilio wa nyaya zake, hata watu wengine wakaweza kuitengenezea vipande. Kadi ya kuonyesha picha haikufungwa ndani ya ubao huo. Mnunuzi alichagua moja kati ya mbili, ya kwanza ikiwa ya maandishi tu, ya pili ikiwa na picha za rangi. Uamuzi huo ulikuwa wa biashara, wala haukufanywa kwa kumhurumia maskini. Hata hivyo maskini amefaidika nao kuliko alivyodhaniwa. Nafasi iliyoachwa wazi ndani ya sanduku ilikuwa ni ahadi kwamba sanduku hilo laweza kuongezewa uwezo na mtu asiye mtengenezaji wake.

Ahadi hiyo haikukawia kutumika. Mwaka 1982 Van Suwannukul, msomi mwenye asili ya Thailand aliyekuwa Marekani, alitaka kuandika tasnifu yake kwa herufi za lugha ya Kithai. Kadi ya maandishi haikuzijua herufi hizo, na kadi ya rangi haikuwa na nukta za kutosha kuzichora vizuri. Akabuni kadi yake mwenyewe, iliyoitwa Hercules, yenye nukta 720 kwa upana na 348 kwa kimo. Kadi hiyo ilipata soko kubwa duniani. Fikiri juu ya jambo hilo, wewe usomaye haya kwa Kiswahili: mojawapo ya kadi za michoro zilizosifika mwanzoni ilizaliwa kwa sababu lugha ya mtu mmoja ilikosa mahali pa kuandikwa.

Michezo ndiyo iliyozipa kadi mbio. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ya California ilileta kadi iitwayo Voodoo, iliyochora picha zenye kina kana kwamba mtazamaji ameingia ndani ya chumba kile anachokitazama. Kadi hiyo haikumfukuza mwenzake wa zamani. Ilichomekwa kando yake, ikabeba mzigo mzito wa picha zenye kina, na kadi ya awali ikaendelea na kazi zake za kila siku. Mwaka 1999 kampuni ya Nvidia, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilitoa kadi ya GeForce 256, ambayo ilizichukua kutoka kwa prosesa hesabu nyingi za maumbo na mwanga. Mwaka uliofuata haukwisha kabla Nvidia haijakubaliana kuinunua mali ya 3dfx. Mshindani mwingine, ATI ya Kanada, alinunuliwa na AMD mwaka 2006. Majina mengi yakatoweka, na mafahali wawili wakabaki uwanjani.

Njia ya kuchomekea kadi nayo haikukaa hali moja. Mwaka 1997 ilienea njia iitwayo AGP, na mwaka 2004 ikaanza kuondolewa na PCI Express. Aliyekuwa na kadi ya njia ya kwanza hakuweza kuitia katika ubao wa njia ya pili. Lakini PCI Express imeongezwa kasi mara kwa mara bila kubadilishwa umbo, na hii ndiyo sababu kadi iliyotengenezwa mwaka 2016 huweza kuingia katika kompyuta ya mwaka 2012. Uzi mwembamba huo wa umbo lisilobadilika ndio unaoshikilia tumaini la mwenye kompyuta kuukuu.

Sasa turudi kwetu. Intaneti ilianza kutumika Kenya katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilitua Mombasa, mawasiliano yakawa mepesi. Kompyuta zenyewe ziliwafikia wengi kwa njia ya mitumba. Ofisi za Ulaya zilipoacha kuzitumia, zilipakiwa melini zikaja kuuzwa Nairobi, na nyingine zikatengenezwa upya kwa ajili ya shule. Mtu wa Bisil atafutaye kipande huifuata ile barabara ya Namanga hadi mjini, akafika barabara ya Luthuli, ambayo zamani iliitwa Victoria na sasa ina jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini. Huko, kati ya redio, simu na spika, mafundi na wachuuzi huuza viungo vya kompyuta kama wachinjaji wauzavyo nyama kwa vipande.

Kompyuta hizo za ofisi zilitengenezwa kwa barua na hesabu za fedha, si kwa michezo. Chukua mfano wa Dell OptiPlex 7010, iliyotoka mwaka 2012. Ile yenye umbo dogo ilipewa kisanduku cha umeme chenye uwezo wa wati 240. Prosesa yake, ikiwa ni Intel Core i5-3570, imekadiriwa wati 77. Kijana akivutiwa na kadi ya Radeon RX 580 ya mwaka 2017, ambayo peke yake imekadiriwa wati 185, jumla ya viungo hivyo viwili ni wati 262. Kisima kimekauka kabla ng'ombe wengine hawajanywa! Lakini akichagua GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, iliyokadiriwa wati 75, jumla ni 152, na wati 88 zabaki kwa ajili ya diski, feni na kumbukumbu. Tena kadi hiyo ilitengenezwa pia kwa kimo kifupi, nacho ndicho kiingiacho katika sanduku jembamba. Na kabla ya kutoa fedha, asome kijitabu cha kompyuta yake, maana watengenezaji wengine waliupunguza umeme upitao katika nafasi ya kadi.

Waona basi, msomaji, kwamba kadi yenye nguvu zaidi si lazima iwe kadi iliyo bora kwako. Kadi kubwa mbele ya prosesa dhaifu hukaa ikingoja kazi, kama fahali mnene aliyefungwa penye majani machache. Kinachofaa ni kile ambacho mwili wa zamani waweza kukilisha.

Bei ya kiungo hiki nayo ina historia yake, na historia hiyo haikuandikwa na wanunuzi wa Luthuli. Mwaka 2015 ilizinduliwa sarafu ya kompyuta iitwayo Ethereum. Ilipatikana kwa kukokotoa hesabu nyingi mno, na kadi za michoro zilikuwa hodari wa hesabu hizo. Katika miaka ya 2020 na 2021, maradhi ya Uviko yalipovuruga viwanda na usafirishaji, wachimba sarafu na wapenda michezo waligombea kadi chache, bei ikaruka juu ya ile iliyotangazwa na watengenezaji. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliiacha njia ile ya kukokotoa. Kadi nyingi zikakosa kazi kwa siku moja, zikamiminika katika soko la mitumba. Kwa hiyo anayenunua kadi iliyotumika na aiulize maisha yake ya nyuma. Asikilize feni yake, na aitazame ikichora picha nzito kwa muda kabla ya kulipa. Ajihadhari pia na walaghai wanaochukua kadi ya zamani na kuiandikia ndani yake jina la kadi ya karibuni, hata kompyuta yenyewe ikasoma uongo.

Huenda mzee mmoja akauliza: Fedha ya mbuzi itumiwe kwa mchezo? Swali lake si la kudharauliwa. Mchezo usio na kiasi hula wakati kama mchwa alavyo mbao. Lakini mwaka 2012 watafiti watatu wa Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, waliifundisha kompyuta kutambua picha kwa kutumia kadi mbili za GTX 580, zilizouzwa madukani kwa wachezaji. Kazi yao ilifungua mlango mkubwa wa akili bandia tunayoiona leo. Na mwaka 2015 vijana wa Kenya walitoa mchezo wao wenyewe, Nairobi X, ambao ndani yake jiji la Nairobi hutetewa dhidi ya wavamizi kutoka anga za mbali. Chombo kimoja humfanya mmoja kuwa mchezaji, mwingine msanifu wa majengo, mwingine mhariri wa filamu, mwingine mtafiti. Tofauti imo katika mtu, haimo katika kadi.

Liko jambo jingine la kutia mashaka. Nafasi zile wazi za mwaka 1981 zinapungua. Kompyuta nyingi nyembamba za siku hizi zina kadi iliyounganishwa na ubao kwa risasi, wala haitoki. Kiungo kimoja kikifa, mwili mzima huzikwa. Kenya ilitunga sheria ya usimamizi wa taka mwaka 2022, na sheria ni njema, lakini taka iliyo nyepesi kuliko zote kuitunza ni ile ambayo haijatupwa. Kila kompyuta inayoongezewa miaka minne kwa kadi moja ni sanduku moja la risasi na plastiki lisilokwenda jalalani.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema mbachao usishonwe. Kwa hiyo, wewe kijana, unaponunua chombo, tazama kama chaweza kufunguliwa kwa bisibisi, kwa maana chombo kifungukacho humwachia mwenye mali kidogo njia ya kwenda mbele hatua kwa hatua. Kisha ujue uwezo wa kile ulicho nacho kabla ya kutamani kile usicho nacho. Hesabu wati kama baba zako walivyohesabu malisho, nunua kinachotosha, na fedha itakayobaki uilipie karo au umnunulie mbuzi chumvi.