James Logan: Gavana wa magongo aliyepata nchi kwa miguu ya wengine

Septemba 19, 1737, wanaume watatu waliondoka Wrightstown, Pennsylvania, kwenda kupima ardhi kwa miguu. Masharti yalikuwa kwamba umbali atakaotembea mtu kwa siku moja na nusu ndio utakuwa mpaka wa nchi ambayo Walenape, wenyeji wa bonde la mto Delaware, wangewaachia Waingereza. Walenape walitarajia mwendo wa kawaida, wa mtu anayesimama kula na kuvuta kiko. Kumbe watatu wale walichaguliwa kwa wepesi wao, mshindi aliahidiwa pauni 5 na ekari 500, na tangu 1735 njia ilikuwa imeshajaribiwa kwa siri. Solomon Jennings alishindwa siku ile ile. James Yeates alianguka siku ya pili. Edward Marshall akafika karibu kilomita 100 kutoka alipoanzia. Mashahidi wa Kilenape walikuwa wameshasusa, wakilalamika kwamba wenzao hawatembei, wanakimbia. Halafu wapimaji, badala ya kuuvuta mpaka moja kwa moja hadi mtoni, waliupindisha kuelekea kaskazini-mashariki ili umeze ardhi zaidi.

Aliyekaimu ugavana siku hizo ni James Logan. Gavana Patrick Gordon alikuwa amefariki 1736, na Logan, rais wa baraza, akashika usukani hadi 1738. Yeye mwenyewe asingemaliza hata saa moja ya safari ile: tangu avunjike mguu mwaka 1728 alitembelea magongo.

Alizaliwa 1674 huko Lurgan, Ireland, katika familia ya Waquaker, yaani Marafiki, dhehebu ambalo wasomaji wa magharibi mwa Kenya wanalijua tangu misheni ya Kaimosi ya 1902. Marafiki hawashiki silaha. William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, alimchukua awe katibu wake, wakavuka bahari 1699. Benjamin Franklin alisimulia kuwa njiani ilionekana meli iliyodhaniwa ya adui. Penn akateremka chini, Logan akabaki juu kujiandaa kupigana. Hatari ilipopita, Penn alimkaripia mbele ya watu. Logan akamjibu kwamba Penn mwenyewe alipoona hatari inakuja hakumwamuru ashuke. Jibu hilo linamweleza mtu huyu kuliko wasifu wowote: alitaka dini isiyoumbuka mbele ya hesabu.

Hesabu aliijua. Alitajirika kwa biashara ya ngozi na manyoya, akiwakopesha bidhaa wachuuzi waliokwenda kuyanunua kwa wenyeji. Alijenga Stenton, jumba la matofali nje ya Philadelphia, akawa meya wa mji huo na baadaye jaji mkuu. Alimiliki watumwa. Maktaba yake ilikuwa na vitabu zaidi ya 2,000, na bustanini alifanya majaribio ya uchavushaji wa mahindi yaliyochapishwa London. Msomi wa kweli, tena mkarimu kwa vitabu: alivikabidhi kwa matumizi ya umma.

Ila huyo huyo alikuwa na hisa katika tanuru la chuma la Durham, lililoanzishwa 1727 kwenye ardhi ambayo Walenape walisisitiza hawajaiuza. Wenye Pennsylvania, wana wa Penn, walikuwa na madeni. Hati waliyoitegemea kwa upimaji ule ilidaiwa kuwa ya 1686, na asili yake haikuonekana. Logan aliitetea mbele ya chifu Nutimus na wenzake hadi wakatia saini Agosti 1737. Walipokataa kuhama, Waingereza waliwatumia Wairoquois, wenyeji wengine, na mwaka 1742 msemaji wao Canassatego aliwakemea Walenape hadharani na kuwaamuru waondoke.

Hata hivyo simwiti Logan mnafiki wa kawaida. Mwaka 1741 aliwaandikia Marafiki wenzake kwamba asiyeweza kuunga mkono ulinzi wa koloni asigombee ubunge. Huko alikuwa mkweli. Kosa lake ni kuamini kwamba amani hutosha mradi hakuna bunduki iliyofyatuliwa, hata kama karatasi imefanya kazi ya bunduki.

Logan alifariki 1751. Mwaka 1756 Teedyuscung, kiongozi wa Walenape, alishtaki ulaghai ule mkutanoni Easton. Taifa la Delaware, la wazao wa Walenape, lilifungua kesi mahakamani karne hii likidai kipande cha ardhi hiyo. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikataa, ikisema haki yao ya asili ilishafutwa hata kama palikuwa na udanganyifu.