Mtoto Aliyelishwa kwa Mshipa

Mwaka 1967, huko Philadelphia, Marekani, alizaliwa mtoto wa kike ambaye karibu utumbo wake wote mwembamba ulikuwa umeziba. Madaktari wakampasua na kuunganisha kipande kilichofaa. Kipande chenyewe hakikutosha kusaga hata maziwa. Uzani wake ukashuka hadi chini ya kilo 2.

Wengi wetu tukisikia dripu tunafikiria maji, chumvi na sukari kidogo. Hiyo haimlishi mtu, inamsukuma siku mbili tatu tu. Mwili ukikosa chakula huanza kuchoma misuli yake wenyewe, na mtoto mchanga, wacha nikwambie, hana misuli ya kuchezea. Ukimpa protini bila nguvu ya kutosha, anaichoma kama kuni badala ya kuijengea mwili. Ukikoleza sukari ndiyo apate nguvu, mishipa midogo ya mkono inaungua. Hapo ndipo madaktari walikwama miaka na mikaka.

Stanley Dudrick, kijana aliyekuwa bado anafunzwa upasuaji chini ya Jonathan Rhoads, alikuwa amelisha watoto wa mbwa aina ya beagle kwa mshipa peke yake, na wakakua sawa na ndugu zao waliokula kwa mdomo. (Mbwa hao, kwangu mimi, wanastahili sanamu.) Ujanja ulikuwa kufikisha mrija kwenye mshipa mkubwa ulio juu ya moyo, ambako damu nyingi huzimua chakula hicho papo hapo. Kwa yule mtoto, Dudrick, Douglas Wilmore na wenzao walipitisha mrija kwenye mshipa wa shingo, kisha chini ya ngozi hadi nyuma ya sikio. Akanenepa! Akarefuka, kichwa kikakua. Aliishi karibu miezi 22.

Sisemi ni ushindi mtupu. Njia hii huumiza ini, na vijidudu hupenya kwa mrija.

Tena, kiasi gani kinatosha? Miaka ya 1990, Agostino Pierro na wenzake walipima hewa ambayo watoto wachanga walivuta na kutoa baada ya upasuaji. Wakakuta matumizi ya nguvu yanapanda kwa saa chache, kisha kufikia kama siku moja yamerudi pale pale. Kwa hivyo mtoto aliyetoka tu kisuni si wa kushindiliwa: sukari ikizidi anaigeuza mafuta, na mapafu yake madogo yanabebeshwa kazi ya kutoa kaboni dayoksaidi ya ziada.