Kamina na Kipimo cha Ndege za Kivita za Kizazi Kijacho

Mjadala kuhusu ndege za kivita za kizazi cha sita, ambazo Marekani inazitafuta kupitia F-47 iliyotangazwa Machi 2025, na ambazo Uingereza, Italia na Japani zimeungana kuziunda tangu Desemba 2022 zikilenga mwaka 2035, huendeshwa kana kwamba nguvu yote imo ndani ya ndege yenyewe. Historia ya kambi ya anga ya Kamina, katika Mkoa wa Haut-Lomami nchini Kongo (Kinshasa), inaonyesha kwamba huo ni nusu ya ukweli.

Septemba 1961, Fouga Magister moja ya jimbo la Katanga lililojitenga na Kongo, ndege ya Kifaransa iliyobuniwa kufundishia marubani, ilishambulia vikosi vya Umoja wa Mataifa huko Jadotville (Likasi ya leo) na hapo Kamina bila kupingwa angani, kwa kuwa Umoja huo haukuwa na ndege ya kivita hata moja nchini. Mwezi uliofuata Sweden ilileta ndege za kivita J 29 za kampuni ya Saab, zenye mabawa yaliyoelekezwa nyuma ili kupunguza ukinzani wa hewa, ambazo baadaye zilihamia Kamina. Muundo huo ulikuwa umeruka kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na kwao Sweden ulikuwa tayari unaipisha Draken, iendayo kasi kuliko sauti. Katika Katanga, hata hivyo, ndege hiyo iliyopitwa na wakati ilitosha.

Linalosahaulika mara nyingi ni S 29C mbili, yaani J 29 zilizofungwa kamera badala ya mizinga, zilizofika mwishoni mwa 1962. Picha zake zilibainisha mahali ndege za Katanga zilipoegeshwa, na tarehe 29 Desemba J 29 zikaushambulia uwanja wa ndege wa Kolwezi, huko Katanga, na kuziteketeza nyingi zikiwa chini. Miongoni mwa ndege za Katanga zilikuwamo Harvard, aina ileile ambayo Wabelgiji waliitumia kufundishia marubani Kamina katika miaka ya 1950. Ushindi huo ulitokana na kumwona adui kwanza, pamoja na kuwa na njia ndefu ya kurukia, mafuta na mafundi.

Wabunifu wa leo wanakiri jambo hilo kwa vitendo, maana kizazi cha sita kinategemea zaidi vihisi, yaani vifaa vya kunasa dalili za adui, na ndege zisizo na rubani zinazosafiri pamoja na ile yenye rubani, kuliko kinavyotegemea kasi. Lakini vihisi na ndege huhitaji msaada wa ardhini, kama mafuta na mafundi, na hapo ndipo Kongo ilipokwama: ndege za kivita za Mirage 5 ambazo Zaire (jina la Kongo wakati huo) ilizinunua Ufaransa katika miaka ya 1970 ziliacha kuruka kabla utawala wa Rais Mobutu haujaanguka, ingawa kobalti, madini yanayosaidia aloi za injini za jeti kustahimili joto kali, iliendelea kuchimbwa Kolwezi na kusafirishwa nje.