Majina ya Bonde na Hesabu za Maji: Mto Msimbazi

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Kisarawe na Pugu, hushuka kuelekea mashariki ukiitenga Magomeni na Kariakoo, kisha huingia baharini penye Daraja la Selander. Mpango mkuu wa mji wa Dar es Salaam wa mwaka 1979 ulilihesabu bonde lake kuwa mahali pa hatari pasipofaa kujengwa nyumba. Lakini mji haukungoja mipango. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 mjini. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Maskini wengi walijenga pale palipobaki peupe, karibu na soko na kibarua.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya walionusurika wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni, mbali na riziki zao. Maji yalirudi 2014, yakarudi tena 2018. Katikati ya hayo, mwishoni mwa 2015, nyumba za bondeni zilitiwa alama ya X nyekundu na nyingi zikabomolewa. Kwa mwenye nyumba, basi, mstari unaoonyesha mwisho wa mafuriko si jambo la kitaalamu tu: huamua nani abaki na nani aondoke.

Mstari huo siku hizi huchorwa kwa modeli, yaani mfano wa mto uliojengwa kwa hesabu. Huingizwa humo miinuko ya ardhi, kiasi cha mvua, aina ya udongo, na wingi wa mabati na lami, ambavyo havinywi maji. Modeli ya ikolojia huenda mbele zaidi: hutafuta mahali ambapo chumvi ya bahari na tope la mto vinapatana kiasi cha kuotesha mikoko, na kiasi gani cha mchanga kitapungua Jangwani iwapo miti itarudishwa kwenye miteremko ya juu. Mchanga huo si jambo dogo. Huinua sakafu ya mto, na mto ulioinuliwa humwagika hata kwa mvua ya wastani. Mpango wa Msimbazi uliotolewa 2019 ulifuata njia hii ya kulitazama bonde zima: kuchimba mkondo, kuacha bustani kubwa ipokee maji, kurudisha mikoko, na kuhifadhi misitu ya juu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi hiyo.

Hata hivyo modeli haina kumbukumbu ila iliyopewa. Ndiyo sababu kazi ya Ramani Huria, iliyoanza 2015, ina thamani kuliko ionekanavyo: wanafunzi wa vyuo vikuu walitembea mitaani pamoja na wenyeji, Tandale na kwingineko, wakichora mitaro na kuuliza maji yalifika wapi. Wenyeji walikuwa na ushahidi mwingine pia, nao ni majina. Bonde la Mpunga, huko Msasani, halikuitwa hivyo kwa utani; mpunga hutaka maji yaliyotuama. Mchikichini ni penye michikichi, na mchikichi hupenda ardhi yenye unyevu. Mtoni, upande wa Temeke, haihitaji kufafanuliwa. Jina si kipimo, wala halisemi kina cha maji. Lakini huonyesha mahali pa kuuliza kwanza.

Palipo na udhaifu zaidi ni katika lugha ya majibu. Wataalamu husema “mafuriko ya miaka 50”, na msikilizaji wa Kigogo, aliyeyaona ya 2011, 2014 na 2018, huona amedanganywa. Maneno hayo humaanisha mafuriko ambayo kila mwaka yana nafasi moja katika hamsini ya kutokea. Hayatoi ahadi ya kupumzika miaka arobaini na tisa. Kwa hesabu hiyo, nyumba ikikaa ukingoni miaka 30, nafasi ya kufikiwa na maji hayo walau mara moja ni kama 45 katika mia. Ni heri mtafsiri aseme hivyo, ingawa sentensi itarefuka, kabla mwenye nyumba hajatakiwa kuchagua baina ya fidia na ukuta wake.