Nani aliuua ubeti wa tatu?

Wadau, watoto wa 2000 hawajui kwamba enzi za kanda kwa kawaida wimbo ulikuwa hauuzwi peke yake. Ulinunua kanda nzima, upande A na upande B, na kurudisha nyuma ilikuwa kazi ya kalamu ya Bic ili betri zisiishe. Basi hata ule wimbo wa saba ambao redio hazikuugusa, uliusikiliza mpaka ukakukaa kichwani. Ndiyo maana wakongwe wa Bongo Fleva walikuwa na nafasi ya kusimulia kisa: ubeti wa kwanza anapenda, wa pili anaachwa, wa tatu unajua kwa nini.

Halafu visu vikaanza. Aprili 2003 Apple wakafungua duka la iTunes kule Marekani, wimbo mmoja senti 99, albamu ikawa nyama ya kupima. Huku kwetu ikaja miito ya simu, kiitikio tu basi. Musical.ly ikashusha hadi sekunde 15, na 2018 ikamezwa na TikTok. Spotify, iliyofika Tanzania 2021, inahesabu umesikiliza ukifikisha sekunde 30, sasa nani ahangaike na gitaa refu la kuanzia?

Msiwalaumu wasanii peke yao, bando nalo linakata. Ila kinachoniuma, kwenye zile nyimbo za mapenzi ubeti wa tatu ndipo yule dada alipokuwa anajibu. Siku hizi kinabaki kile kipande anachosemwa vibaya, na sisi tunakicheza mbele ya kamera tunacheka.