Mji wa Rostov Unavyosikika

Mwaka 1688, katika mji wa Rostov ulio kando ya Ziwa Nero, fundi Flor Terentiev alisubu kengele yenye uzito wa pudi 2,000. Pudi ni kipimo cha kale cha Warusi, na pudi 2,000 ni tani 32 hivi. Kengele hiyo iliitwa Sysoi, na hadi leo iko palepale mnarani. Kengele za Kirusi hazipembei: zimefungwa, na kinachovutwa ni ulimi wake. Ulimi wa Sysoi ni mzito kiasi kwamba huyumbishwa na watu wawili.

Rostov hii si lile jiji kubwa la kusini lililo kwenye Mto Don. Hii ni Rostov ya kale, Rostov Veliky, iliyo mkoa wa Yaroslavl, kilomita 200 hivi kaskazini-mashariki mwa Moscow. Kumbukumbu za kale za Warusi zinautaja mji huu chini ya mwaka 862, karne karibu tatu kabla Moscow haijatajwa. Fahari ya enzi hizo imepita. Leo una wakazi 30,000 hivi, na mwendo wake ni wa mji mdogo wa mikoani. Hata hivyo, ni miji michache ya kiasi hicho ambayo sauti yake imepimwa na kunaswa kwa bidii kama Rostov. Na hapo ndipo penye somo, kwa sababu kilichonaswa ni nusu tu ya mji.

Aliyeipa Rostov sauti yake ni Metropoliti Iona Sysoevich, aliyeongoza jimbo hilo la Kanisa la Orthodoksi kuanzia 1652 hadi 1690. Alijenga kuta, makanisa na mnara wa kengele, na kengele yake kubwa akaipa jina la baba yake, Sysoi, aliyekuwa kasisi wa kijijini. Barua yake mojawapo inamwonyesha akifurahi kwamba anasubu kengele katika kiuga chake na watu wanastaajabu. Kwa maoni yangu furaha hiyo ilikuwa halali. Sysoi ikilia hutoa noti ya do. Kengele ya pili, Polieleiny, yenye tani 16, hutoa mi. Ya tatu, Lebed, yenye tani 8, hutoa sol. Zikigongwa pamoja, zinapatana kama sauti tatu za kwaya, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa kengele za Urusi, ambako mpigaji alitegemea zaidi mdundo kuliko noti.

Wapigaji wa Rostov walirithishana mapigo yenye majina. Kuna pigo la Iona, la Akimov, la Yegoryev, na mengine ya sikukuu. Kuna pia pigo la siku za kazi, lisilo na mbwembwe, lililowasindikiza watu Jumatatu na Jumanne kama siku nyingine yoyote. Kisha kulikuwa na kengele iliyoitwa Golodar, iliyopigwa wakati wa Kwaresima. Jina hilo linakumbusha njaa ya mfungo.

Kwaresima hiyohiyo ndiyo iliyokuwa majira ya soko kuu la Rostov, mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya Urusi katika karne ya 19. Theluji ingali ardhini, wafanyabiashara walifika kwa sleji za kuvutwa na farasi wakiwa na vitambaa, ngozi, mbegu za mboga na vitu vya chuma. Kwa hiyo Golodar haikulia juu ya mji uliotulia. Ililia juu ya miguno ya farasi, njuga za hatamu, mbao za sleji zikikwaruza barafu, na watu wakibishana bei. Mlio wa kanisa na kelele za soko vilifika sikioni kwa pamoja. Ndivyo mtu wa Rostov alivyousikia mji wake.

Wa kwanza kuzisikiliza kengele hizo kwa vipimo alikuwa kasisi wa mjini hapo, Aristarkh Izrailev, aliyezaliwa mwaka 1817. Alihesabu mitetemo ya kila kengele, kisha akatengeneza vyuma vidogo vyenye umbo la uma, kila kimoja kikitoa noti ya kengele yake. Kwa vyuma hivyo aliweza kupiga mapigo ya Rostov mezani, mbali na mnara. Kitabu chake juu ya kengele hizo kilichapishwa mwaka 1884. Hii ilikuwa miaka michache tu baada ya Edison kuunda fonografu, na Izrailev hakuwa na chombo cha kunasia tani 32 za shaba. Alichokuwa nacho ni subira na sikio zuri, na kazi yake ni kumbukumbu ya sauti kwa kila hali.

Kisha wakaja waliotaka kuzinyamazisha. Katika miaka ya 1920 serikali mpya ya Kisovieti ilihitaji metali, na kote nchini kengele ziliteremshwa zikayeyushwa. Makumbusho ya Rostov, yaliyofunguliwa mwaka 1883, yalikuwa na mkurugenzi aliyeitwa Dmitry Ushakov, naye akazitetea mpaka kwa Lunacharsky, kamishna wa elimu. Kengele za mnara mkuu zikasalimika. Lakini kusalimika si kulia: kufikia mwisho wa muongo huo zilikatazwa. Mwezi Agosti 1953 kimbunga kikapiga mji na kung'oa mapaa na kuba za makanisa, na ukarabati ukachukua miaka.

Katika miaka ya 1960 mafundi wa kurekodi walikuja na vinasa sauti. Wakatafutwa wazee waliopiga kengele ujanani mwao, nao wakapanda mnarani tena. Mikono ilikumbuka. Kutokana na kazi hiyo zikatoka santuri, na watu wa Urusi nzima wakaijua sauti ya Rostov bila kufika huko. Bila wazee hao, tungebaki na shaba nzuri isiyo na mpigaji ajuaye pigo.

Ninaiheshimu kazi hiyo. Lakini ukiisikiliza kwa makini unagundua kwamba mji wenyewe umekaa nje. Fundi mzuri wa wakati huo alingoja utulivu, akielekeza maikrofoni kwenye kengele ili gari, mbwa au mtoto asiingie. Hata Yevgenia Linyova, aliyezunguka vijiji vya Urusi na fonografu tangu mwishoni mwa karne ya 19, alikusanya nyimbo. Silinda za nta za fonografu zilikuwa fupi na ghali; nani angeipoteza moja kwa kunasa koleo likikwangua theluji mlangoni?

Na koleo hilo ndilo sauti ya asubuhi ya majira ya baridi katika mji kama huo. Theluji mpya humeza sauti, hivyo barabara hunyamaza. Baridi ikizidi, hatua za mpita njia hulia kwa kuvunja chembe za barafu. Huko ziwani, maji yakiganda, wavuvi hutoboa barafu kwa keekee ya mkono. Mazulia hupelekwa uani yakatwangwa juu ya theluji. Zamani usiku ulikuwa na mlinzi aliyegonga kibao cha mti, mwenye nyumba ajue yuko macho na mwizi ajue asijaribu. Mwaka 1870 reli ya kutoka Moscow kwenda Yaroslavl ikaleta honi ya treni. Baadaye zikaja redio za waya za kila nyumba, zilizoanza siku saa 12 asubuhi kwa wimbo wa taifa, ukisikika mmoja kutoka dirisha hadi dirisha.

Mwaka 1975 kundi la watafiti kutoka Canada, wakiongozwa na R. Murray Schafer, walizunguka vijiji vitano vya Ulaya, kuanzia Sweden hadi Italia, wakirekodi sauti za kawaida. Mwaka 2000 watafiti wa Kifini walirudi kwenye vijiji hivyohivyo kusikiliza kilichobadilika. Urusi haikuwemo. Vijiji hivyo vina kipimo cha kulinganishia siku ya kazi ya jana na ya leo. Rostov ina kipimo cha namna hiyo kwa kengele zake peke yake.

Tangu miaka ya 1980 kengele za Rostov zimerudi kulia, na watalii huja kuzisikiliza. Zimeokolewa. Sauti zilizobaki hatarini ni zile ambazo hakuna anayezilipia kiingilio, na kuzinasa leo hakuhitaji silinda ya nta wala msafara wa mafundi: simu iliyoachwa dirishani kwa saa moja inatosha, mradi tarehe, saa na mahali viandikwe. Makumbusho ya mji wowote wenye historia, Urusi au kwingineko, yaanze kupokea rekodi za namna hiyo kutoka kwa wakazi wake, na yazitunze kwa makini yaleyale yanayowekwa kwenye Sysoi.