Sumu ya Mshale Iliyogeuka Pambo la Kibarazani

Peter Forsskål hakuwahi kuona kitabu chake kikichapishwa. Mtaalamu huyo wa mimea, mwanafunzi wa Carl Linnaeus, alifika Yemen na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark, na Julai 1763 malaria ikamuua mjini Yarim akiwa na miaka 31. Kati ya wasafiri sita, aliyerudi hai ni Carsten Niebuhr peke yake, naye ndiye aliyechapisha kazi ya marehemu mwaka 1775. Humo kimo kichaka chenye shina lililovimba kama mtungi, ambacho Forsskål alikihesabu kuwa ndugu wa oleanda. Mwaka 1819 wataalamu wa mimea Roemer na Schultes walikitenga na kukiita Adenium. Wauza maua wa leo wanakiita waridi la jangwani, ingawa si waridi hata kidogo.

Huku kwetu kilijulikana zamani, na wala si kwa uzuri wake. Kinaota kwenye nyika kavu za Kenya na Tanzania, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huchemsha utomvu wake hadi uwe mzito, kisha wakaupaka kwenye ncha za mishale. Sumu hiyo hushambulia moyo wa mnyama. Anayepogoa adeniamu kibarazani, basi, anawe mikono kabla ya kugusa chakula.

Kutoka kwenye podo hadi kwenye chungu kulikuwa na kikwazo kimoja kikubwa: mmea huu hauzai mbegu kirahisi. Chavua yake imefichwa ndani kabisa ya ua, nyuma ya koni ngumu, na mti kwa kawaida haujichavushi wenyewe. Wazalishaji walijifunza kupasua ua upande mmoja, kuchokoa chavua kwa kijiti chembamba na kuihamishia kwenye ua la mti mwingine. Kazi ya subira, lakini ndiyo iliyofungua mlango wa machotara. Huko Arizona, mzalishaji Mark Dimmitt alikuwa miongoni mwa waliojitosa mapema. Jamaa wa adeniamu kutoka Eswatini, Adenium swazicum, alitafutwa sana kwa kuwa huchanua kwa muda mrefu. Akichanganywa na huyu wa kwetu, watoto hurithi msimu mrefu na rangi iliyokolea.

Thailand na Taiwan ndizo zilizoifanya kazi hiyo kuwa biashara kubwa. Wakulima walichukua adeniamu ya Arabuni kwa ajili ya umbo lake fupi na nene, wakachagua kizazi baada ya kizazi, wakapata maua ya manjano, meusi-mekundu, yenye mistari, na hatimaye yenye tabaka mbili tatu za petali. Hapo, kwa maoni yangu, walizidisha. Ua la tabaka nyingi huwa zito, huinama, na ile tarumbeta iliyo fahari ya adeniamu humezwa na petali.

Kwa kuwa mbegu ya chotara haitoi ua lile lile la mzazi, aina zenye majina hubebeshwa: kikonyo cha ua zuri huungwa juu ya mche uliooteshwa kwa mbegu. Mbegu zenyewe huvunwa kwa hila. Tumba zake mbili, mfano wa pembe, zikikauka hupasuka na mbegu kupeperuka na vishungi vyake, kwa hiyo mkulima huzifunga uzi mapema. Wanaopenda shina kuliko ua hungoja wakati wa kubadilisha chungu, wakaupandisha mmea juu kidogo ili mizizi minono ionekane. Mizizi iliyojeruhiwa huachwa ikauke kwanza. Ikikutana na maji ingali mbichi, huoza.

Anunuaye mche uliobebeshwa atafute kovu shinani. Machipukizi yatokayo chini ya kovu ni ya mche wa chini, na washauri wote husema yakatwe yasije yakanyonya nguvu ya kikonyo. Mimi ningeacha moja likue, kwani huenda likatoa lile ua la rangi ya waridi lenye petali tano, la nyikani.